Springi fupi au koilova: kushusha gari la kila siku bila kulitesa

Wengi huanza na pengo lililo kati ya tairi na fenda. Vidole vinne vinaingia, gari linaonekana limesimama kama limevaa viatu vya kuazima, basi wanaagiza kitu cha kulishusha. Lakini pengo hilo lina kazi. Ni nafasi ambayo gurudumu hupandia likikanyaga tuta au shimo, na kila milimita unayoishusha bodi unaitoa humo humo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ununue springi au koilova, jua gari lako lina milimita ngapi za kutumia. Ukishazijua, swali la springi au koilova huwa limeshajibiwa nusu.

Unachonunua hasa

Springi fupi hukaa pale pale zilipokuwa springi za kiwandani, kwenye shokapu zile zile. Nyingi hushusha gari milimita 20 hadi 40, na huwa ngumu kuliko za kiwandani kwa takriban asilimia 10 hadi 30. Kimo ukishakipata ndicho hicho. Hakibadiliki mpaka ubadilishe springi.

Koilova ni springi na shokapu vilivyobuniwa pamoja. Bodi ya shokapu ina uzi kwa nje kama wa skrubu, na springi imekalia ringi inayopanda au kushuka kwenye uzi huo, hivyo kimo unakiweka mwenyewe. Nyingine zina pia kitufe cha kubadili ukali wa shokapu kwa kliki. Si zote: kampuni ya KW, kwa mfano, ina Variant 1 yenye ukali usiobadilika, Variant 2 inayorekebishwa upande wa shokapu kurudi (inapotanuka), na Variant 3 inayorekebishwa kurudi na kubanwa.

Kuna njia ya tatu inayosahaulika, ingawa kwa gari la kila siku ndiyo mara nyingi inayofaa kuliko zote: springi fupi pamoja na shokapu mpya zilizotengenezwa kwa ajili ya springi fupi. Bilstein, watengenezaji wa shokapu, wanaonyesha tofauti hii vizuri. B6 ni ya kimo cha kiwandani, B8 imefupishwa kwa gari lililoshushwa, na B12 ni seti ya B8 pamoja na springi fupi za Eibach. Ukichukua shokapu ndefu ukaiwekea springi fupi, shafti yake hukaa imezama muda wote, na springi inaweza kulegea kabisa gurudumu likining'inia.

Hatua ya kwanza: pima nafasi uliyonayo

Hapa unahitaji kamba nne ndogo za plastiki, zile za kufungia nyaya, pamoja na rula na tochi. Gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, pandisha mpira wa vumbi wa shokapu uione shafti inayong'aa. Funga kamba ya plastiki kwenye shafti, iwe imegusana na mdomo wa bodi ya shokapu. Ikaze kiasi cha kusukumika kwa kidole bila kuteleza yenyewe. Pima kutoka kwenye kamba hadi kwenye mpira wa kizuizi ulio juu ya shafti (ule unaozuia shokapu isibanwe hadi mwisho), kisha andika. Fanya hivyo kona zote nne. Kama mpira wa vumbi umeungana na kizuizi na haupandi, itabidi usubiri siku ya kufungua shokapu.

Sasa endesha barabara zako za kawaida siku mbili tatu, na angalau safari moja iwe na abiria wote na mizigo. Shokapu inapobanwa, bodi yake huisukuma kamba juu, na ikirudi kamba hubaki pale ilipofikishwa. Pima tena. Umbali uliobaki kati ya kamba na kizuizi ndiyo akiba yako. Ikiwa nafasi yote ilikuwa milimita 80 na kamba imesogea 55, una 25. Ukishusha 35 kwa springi laini, utagonga kizuizi kwenye barabara ile ile unayoipita kila asubuhi.

Zingatia nyuma hasa. Tuseme abiria watatu na mizigo vinaongeza kilo 200 juu ya ekseli ya nyuma, na ugumu kwenye kila gurudumu la nyuma ni nyutoni 25 kwa milimita. Uzito huo peke yake unalishusha gari karibu milimita 39, kabla ya tuta lolote. Ndiyo maana gari lililoshushwa huwa zuri dereva akiwa peke yake, na likianza kubeba familia linagonga kama rukwama.

Hesabu inayoamua mambo

Nishati ya pigo ambayo springi inaweza kuimeza kabla ya kufika kwenye kizuizi hufuata ugumu wake mara mraba wa nafasi iliyobaki. Mraba huo ndio unaouma. Chukua gurudumu lenye ugumu wa nyutoni 25 kwa milimita na nafasi ya milimita 80. Ukishusha milimita 15, inabaki 65, na ili lihimili pigo lile lile springi inapaswa kufika karibu nyutoni 38. Ukishusha 30, inabaki 50, na unahitaji 64. Yaani kushusha mara mbili kumegeuza ongezeko la asilimia 51 kuwa asilimia 156.

Ukilinganisha na springi fupi za kawaida ambazo ni ngumu zaidi kwa asilimia 25 tu, utaona zinategemea kizuizi kufanya sehemu ya kazi. Hilo si kosa. Vizuizi vya povu vya siku hizi hukaza polepole, na magari mengi huvigusa hata yakiwa ya kiwandani. Ila kuna mpaka. Kizuizi kikibanwa mpaka mwisho katikati ya kona, ugumu wa upande ule hupanda ghafla. Ikiwa ni mbele, gari linakataa kukata kona. Ikiwa ni nyuma, mkia unatoka. Dereva hulaumu tairi.

Upande wa pili wa hesabu ni shokapu. Nguvu ya kukaba inayohitajika hupanda kwa kipeuo cha pili cha ugumu. Springi ikiwa ngumu zaidi kwa asilimia 30, shokapu inapaswa kukaba zaidi kwa takriban asilimia 14. Shokapu nzima ya kiwandani inaweza kuvumilia hilo. Springi ikiwa mara 2.4 ya ile ya kiwandani, kama zilivyo baadhi ya koilova, inatakiwa asilimia 55 zaidi, na hakuna shokapu ya kiwandani itakayoweza. Hapa ndipo koilova inapostahili bei yake. Kazi ya uzi ule wa nje ni kubadili kimo, lakini unacholipia hasa ni shokapu iliyobuniwa kwa springi ile.

Uchague nini

Ukitaka kushuka milimita 15 hadi 30, gari ni la kila siku, shokapu ni nzima na hazijatembea sana, na huna mpango wa kubadilisha kimo: nunua springi nzuri na ufunge. Huhitaji zaidi.

Shokapu zikiwa zimeshatembea kilomita 80,000 au zaidi, usifunge springi peke yake. Shokapu hizo huenda zikadumu miezi kadhaa tu, halafu utalipa kazi ile ile ya kufungua mara ya pili. Chukua springi na shokapu fupi kwa pamoja.

Koilova ina maana ikiwa unaingia kwenye uwanja wa mbio mara kadhaa kwa mwaka, una rimu pana zinazohitaji kimo sahihi kwa milimita, au unataka kupandisha gari majira ya mvua na kulishusha kiangazi. Ina maana pia ikiwa uko tayari kuitunza. Koilova ya bei ya chini kabisa, yenye springi ngumu na shokapu isiyoikaba, ni mbaya kuliko springi fupi za kampuni inayojulikana. Tunalisema hili bila kusita. Bajeti ikiruhusu koilova za rafu ya chini tu, nunua springi na shokapu za rafu ya juu.

Kusoma namba za koilova

Ugumu huandikwa kwa kilo kwa milimita. Kilo 1 kwa milimita ni nyutoni 9.8. Ukiona "6K" mbele, springi inahitaji kilo 6 ili ishuke milimita moja.

Usilinganishe namba ya mbele na ya nyuma kabla ya kujua springi imekaa wapi. Kwenye mfumo wa MacPherson, ambao springi na shokapu ni nguzo moja, springi hukaa karibu na gurudumu, hivyo gurudumu huhisi karibu ugumu wote. Nyuma, springi ikikaa katikati ya mkono unaobeba gurudumu, uwiano wa mwendo wa springi kwa mwendo wa gurudumu unaweza kuwa 0.7, na unauzidisha mara mbili: 6 mara 0.7 mara 0.7 ni 2.9 tu. Ndiyo maana nyuma huweza kuwa na springi yenye namba kubwa kuliko mbele na bado ikawa laini.

Kipimo kinachosaidia zaidi ni idadi ya mara ambazo bodi hupanda na kushuka kwa sekunde. Kona inayobeba kilo 350 ikiwa na nyutoni 25 kwenye gurudumu hucheza mara 1.35 kwa sekunde, tabia ya gari la kawaida. Kwa springi ngumu zaidi kwa asilimia 30, ni 1.5: la kimichezo lakini la kuishi nalo. Kwa kilo 6 kwa milimita, ni karibu 2.1, na hapo kikombe cha chai hakikai garini. Kwa gari la kila siku, lenga kati ya 1.4 na 1.7.

Angalia pia jinsi kimo kinavyobadilishwa. Aina moja husogeza ringi ya springi tu. Kwa springi na shokapu zilizo pamoja, ukishusha hivyo unapunguza nafasi ya shokapu kubanwa. Aina nyingine huzungusha bodi nzima ya shokapu ndani ya mguu wake wa chini, hivyo kimo hubadilika na nafasi ya shokapu hubaki ileile. Kinachobana hapo ni tairi kufikia fenda. Aina ya pili hukupa uhuru zaidi, mradi uzi ulioingia kwenye mguu ufike kiwango cha chini kilichoandikwa na mtengenezaji. Kukikiuka kunaweza kuufanya mguu uvunjike.

Kufunga springi fupi

Andaa jeki na stendi mbili imara, vifaa viwili vizuri vya kubania springi, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia), ufunguo wa pembe sita wa kushikia shafti, mafuta ya kulegeza kutu, na kitabu cha gari chenye namba za kukazia. Nunua pia maunti za juu mpya (vishikizo vya shokapu kwenye bodi ya gari), bearingi zake, mipira ya vumbi na vizuizi. Kurudisha maunti iliyochoka juu ya springi mpya ni kuokoa kidogo ili upoteze siku nzima.

Nyunyizia bolti mafuta siku moja kabla. Pima kutoka katikati ya hubu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, na uandike. Weka alama ya rangi kwenye bolti za kurekebisha kemba (mwinamo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele), kabla hazijaguswa.

Legeza nati ya shafti robo duru gari likiwa bado chini, ila usiifungue. Inua gari, liweke kwenye stendi, toa gurudumu. Chomoa waya wa ABS na hozi ya breki kwenye vishikizo vyake. Ukiitoa kalipa ya breki, ifunge kwa waya kwenye bodi. Isining'inie kwa hozi. Fungua linki za stablaiza (fimbo inayozuia bodi kulala kwenye kona) pande zote mbili, la sivyo upande mmoja utausukuma mwingine na utapigana nao bure. Ndipo ufungue bolti za mguu wa shokapu na nati za juu.

Bana springi kwa vifaa viwili vilivyotazamana, ukikaza kimoja zamu mbili na kingine zamu mbili, mpaka springi izunguke kwa mkono ndani ya viti vyake. Springi iliyobanwa inaweza kuua. Usiielekeze usoni, usiache kifaa kimoja kikibeba mzigo, na ukiona kinateleza acha, uanze upya. Kisha fungua nati ya shafti huku ukishikilia shafti kwa ufunguo wa pembe sita. Bunduki ya hewa isitumike hapa: huizungusha shafti ndani ya sili, na mafuta yanaweza kuanza kuvuja.

Panga springi mpya ili ncha yake ikae kwenye kikato cha kiti, juu na chini. Ncha iliyopanda juu ya ukingo hata kwa sentimita moja italia "tok" kila ukikata usukani. Springi nyingi fupi zina maandishi; yakisomeka kichwa chini, umeiweka kinyume. Maelekezo yakitaka kizuizi kikatwe, kata kwa urefu uleule ulioandikwa, na uondoe upande ulioandikwa.

Kuna hatua moja inayorukwa na mafundi wengi. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zisikazwe hadi mwisho gari likining'inia. Kaza kwa mkono, shusha gari kwenye magurudumu (au inua mkono kwa jeki mpaka kimo cha kutembea), ndipo ukaze kwa toki. Ukikaza gurudumu likining'inia, bushi inakaa imesokotwa muda wote, kimo hakifiki pale kilipotakiwa, na mpira unapasuka mapema. Bolti ambazo kitabu kinasema ni za mara moja, badilisha.

Koilova: yanayoongezeka

Kazi ya kutoa ni ileile. Tofauti ni kabla na baada.

Paka uzi grisi ya kuzuia kukwama, kidogo tu. Weka ringi za pande mbili za ekseli kwenye kipimo kimoja, ukipima kwa rula kutoka mahali pasiposogea. Kama ni aina inayozungusha bodi, kaza ringi ya springi mpaka springi isicheze kwa mkono, kisha ongeza milimita chache kama mtengenezaji anavyotaka. Kukaza zaidi hakuongezi ugumu wa springi, jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Kunapunguza tu nafasi ya gurudumu kushuka, na gari linaruka juu ya vilima vidogo.

Kwenye magari mengi nyuma springi na shokapu vimetengana, na "koilova" ya nyuma ni springi yenye kiti cha kupanda na kushuka. Hapo hakikisha springi haitoki kwenye kiti gurudumu likining'inia. Koilova zenye springi ndogo ya pili juu ya kubwa zimewekwa kwa kazi hiyo: kuishikilia kubwa isihame.

Shusha gari, lisogeze mbele na nyuma mita kadhaa ili tairi zitulie, kisha pima hubu hadi fenda sakafu ikiwa sawa, tangi likiwa nusu na upepo sahihi. Tofauti ya milimita 5 kati ya kushoto na kulia iache. Ukiinua kona moja ili ifanane kwa macho, unaihamishia uzito kona hiyo na ile ya mshazari wake, na gari litakata kona za kushoto tofauti na za kulia.

Kuhusu kliki, funga kitufe polepole mpaka mwisho wa upande mgumu bila kulazimisha, kisha rudi nyuma ukihesabu. Hesabu kila mara kutoka huko huko. Anza katikati. Badilisha kliki mbili kwa wakati, ekseli nzima, kwenye kipande kimoja cha barabara unachokijua. Gari likiendelea kuyumba baada ya tuta, ongeza. Likionekana kuzama zaidi kila likipita matuta yanayofuatana, umekaba mno upande wa kurudi: gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya tuta lijalo. Punguza.

Alaimenti

Tembea kilomita 200 hadi 500 springi zitulie, kisha pima. Gari likishuka, kemba huongezeka kuelekea hasi na tou (magurudumu kuelekea ndani au nje ukiyatazama kutoka juu) hubadilika pia. Kemba ya mbele kati ya digrii hasi 1 na hasi 1.5 inafaa gari la kila siku, na haili tairi kama watu wanavyodhani. Kinachokula tairi ni tou. Gurudumu lenye tou ya digrii 0.25 huburutwa pembeni zaidi ya mita 4 kila kilomita moja. Taka tou iwe karibu na sifuri au kipimo cha kiwandani, na usukani uwe umenyooka.

Angalia pembe ya mikono ya chini mbele. Ikiwa ilikuwa imelala sawa na ardhi na sasa upande wa gurudumu uko juu kuliko upande wa bodi, umeshusha kupita kiasi. Hapo bodi huanza kulala zaidi kwenye kona ingawa springi ni ngumu zaidi, na tairodi (fimbo za usukani) zinageuza magurudumu zenyewe kila yakipanda. Kuna boljointi ndefu za kurekebisha hilo, lakini kupandisha gari milimita 10 ni rahisi kuliko yote.

Rekebisha taa za mbele. Gari lenye sensa za kimo au kamera ya usalama linahitaji kupimwa upya kwa mashine. Bima na ukaguzi navyo vijulishwe pale sheria inapotaka, kabla ya ajali, si baada.

Sauti na tabia za kuchunguza

Mlio wa "tok" ukikata usukani gari likiwa limesimama: ncha ya springi au bearingi ya maunti. Kugongagonga kwenye vijishimo vidogo huku matuta makubwa yakipita kimya: nati ya shafti imelegea, au linki ya stablaiza. Linki za urefu wa kiwandani wakati mwingine hugusa shokapu baada ya kushusha; fupi zinaondoa hilo. Kishindo kimoja kizito kwenye shimo: kizuizi kimebanwa hadi mwisho, rudi kwenye kamba za plastiki. Bodi kudunda mara mbili tatu baada ya tuta: shokapu imekufa au haitoshi springi. Mafuta kwenye bodi ya shokapu hayana mjadala, badilisha, na pande zote mbili. Maunti zenye tufe la chuma badala ya mpira zinazokuja na baadhi ya koilova hulia kwa asili yake. Kama gari ni la kwenda kazini, chagua za mpira wa kawaida.

Baada ya kilomita 100 kaza bolti zote tena kwa toki, ukiacha zile za mara moja ambazo hukazwa kwa pembe. Angalia tena ukifika 1,000, na upime kimo. Springi mpya hushuka milimita chache, na hiyo ni kawaida mradi pande mbili zishuke sawa. Koilova zioshwe uzi kwa brashi na maji kila baada ya miezi michache, zaidi kama kuna matope au chumvi. Ukitaka kuzungusha ringi iliyokaa muda mrefu, inua gari kwanza uzito uondoke, sugua uzi kwa brashi ya waya laini, nyunyizia mafuta, subiri saa moja. Ringi ya alumini iliyolazimishwa juu ya mchanga huharibu uzi kwa zamu mbili tu, na hapo kimo ulichonacho ndicho utakachobaki nacho.